Moja Nukta Tisa Nane

Huku Urfa maini huliwa alfajiri,
kabla jua halijagusa pilipili zilizoanikwa mapaani.
Na umpendaye, huku, humwiti moyo wangu.
Wamwita ini langu.

Fundi Shehmus ameniita hivyo miaka kumi na mmoja,
akinipa mishikaki yangu minne na kitunguu,
nami niko njiani kwenda maabara,
koti jeupe nimelikunja kwapani lisinuke moshi.

Ana kidole gumba kinachosoma.
Ini la kondoo hulibonyeza mara moja tu:
laini, kwenye kisu;
lenye nyuzi ngumu, lililotafunwa na minyoo ndani kwa ndani,
humtupia paka bila kusema kitu.
Kovu haliivi, aliniambia siku moja.
Lichome hadi kesho.

Jumanne alikuja yeye kwangu,
kofia mkononi, karatasi ya daktari mfukoni.
Picha imeonyesha ini lina mafuta.
"Na pombe sijaionja hata kwa kukosea!"
Nikamwambia hakuna aliyetaja pombe.
Ni tumbo, ni sukari iliyopanda, ni halua ya pistachio
kila usiku baada ya kufunga hesabu.
Akakunja shati, akanyoosha mkono.
"Kwa nini usinibonyeze tu? Mimi ningejua."

Ini la mtu, Fundi, limejibanza nyuma ya mbavu
kama mdaiwa nyuma ya mlango.
Halina ulimi. Laweza kuumia miaka ishirini
na kesho yake likaamkia kazini.
Basi sisi tunawauliza majirani.

Mirija miwili, kifuniko cha zambarau na cha manjano.
Vimeng'enya viwili vinavyovuja chembe za ini zikiumia:
hamsini na viwili, sitini na vinne.
Chembe sahani, zile zinazogandisha damu,
ambazo hupungua makovu yakizidi: mia moja na tisini.
Na umri, maana hesabu hii
humshtaki mtu kwanza kwa miaka yake:
hamsini na minane.

Alitaka nikokotoe mbele yake.
Akachomoa penseli sikioni, akatandaza karatasi ya kufungia nyama.
Umri mara kimeng'enya cha kwanza: elfu tatu na kumi na sita.
Kipeuo cha pili cha sitini na nne: nane.
Nane mara mia moja na tisini: elfu moja mia tano na ishirini.
Gawanya.
"Moja nukta tisa nane," akanitangulia,
kwa sababu aliyepima nyama miaka arobaini
hangoji mashine.

Ingekuwa chini ya moja nukta tatu,
daktari angemwambia nenda, punguza halua, tutaonana.
Ingepita mbili nukta sita saba,
angempeleka kwa bingwa wiki hiyohiyo.
Yake imekaa katikati, imekunja miguu, haisemi.
Kuna maneno yanayokata maini.
Namba hii haikukata. Ilikwaruza tu.

"Mimi sina bei ya katikati," alisema.
"Ama kisu, ama paka."

Nikamweleza: damu imetupa dalili, haijatoa hukumu.
Kuna mashine Antep, hulisukuma ini kwa mtikiso mdogo
na kupima mtikiso unavyokimbia ndani yake.
Penye ugumu, hukimbia zaidi.
Alinyamaza, akiisokota pamba kwenye kiwiko.
"Kumbe inabonyeza."
"Inabonyeza," nikakubali.
Akacheka, kicheko kifupi, akasahau kofia yake.

Leo asubuhi nilimpelekea.
Aliniwekea mishikaki mitatu, si minne,
na mboga za majani zaidi ya kitunguu.
Sikuuliza. Moshi ulikuwa machoni mwetu sote.
Alikuwa ametandaza karatasi, penseli mkononi.

"Ini langu," akasema bila kuinua uso,
"wewe una miaka mingapi?"